Kilimo: fraizi iliyopotea Arkansas yarudi kidogo kidogo, na Kivu ina cha kuangalia

Mwaka wa 1921, katika mji mdogo wa Bald Knob, jimbo la Arkansas huko Marekani, kulijengwa kibanda cha kupakia fraizi chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kilisimama sambamba na reli. Wakulima walileta matunda upande mmoja, treni ikayapokea upande wa pili na kuyapeleka katika miji mikubwa ya kaskazini. Mji ukajipa jina la makao makuu ya fraizi duniani. Mwaka wa 1951 wakulima wake waliuza fraizi ya dola milioni 3.5. Katika miaka ya 1960 biashara ile ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Leo fraizi inarudi Arkansas, lakini si kwa njia ya zamani. Treni haimo tena katika biashara hiyo. Kuna mashamba madogo, watafiti wa chuo kikuu na moniteri wa kilimo wanaotembea shamba kwa shamba. Habari yao inawahusu pia wasomaji wa Goma, Bukavu na Butembo. Fraizi, ile majirani wetu wa Kenya na Tanzania huita stroberi, inaota pia katika milima ya Kivu, na shida zilizoiangusha kule zinafanana na zile mkulima wa hapa anazijua vizuri: barabara, mikono ya kazi, magonjwa na soko.

Tunda lisilongoja

Karibu na Bald Knob, katika eneo la Judsonia, fraizi ilianza kulimwa kwa ajili ya soko katika miaka ya 1870, reli ilipofika. Bila reli isingewezekana. Parachichi ama ndizi huchumwa ingali mbichi na kuivia njiani. Fraizi haiko hivyo. Ikishatengwa na mmea haiivi tena, inaelekea tu kuoza. Katika baridi inayokaribia kiwango cha barafu inaweza kukaa wiki moja hivi. Mezani, katika joto la kawaida, inapewa siku moja ama mbili.

Tena hakuna mashine iliyochukua nafasi ya mkono katika kuchuma fraizi ya kuliwa mbichi. Kila tunda linaomba mtu ainame, achague, akate kikonyo bila kulibonyeza. Wakati wa mavuno, familia nzima nzima zilikuja Arkansas kufanya kazi ya wiki chache tu. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia vijana walikwenda viwandani na mijini, na wachumaji wakawa wa shida. Ukame wa miaka ya 1950 ukaongezea, kwa sababu mashamba mengi yalitegemea mvua pekee.

Wakati huohuo California ilikuwa inapanda. Ilikuwa na msimu mrefu, maji ya kumwagilia, aina mpya za fraizi kutoka chuo kikuu chake, na baadaye malori yenye baridi yaliyovuka nchi nzima. Leo jimbo hilo peke yake hutoa karibu asilimia 90 ya fraizi yote ya Marekani. Florida inafuata, hasa kwa mavuno ya miezi ya baridi.

Ni vizuri kuangalia hapo kwa makini. Udongo wa Arkansas haukufa. Kilichokufa ni njia iliyounganisha shamba na mlaji. Wakulima walikuwa wamejenga kila kitu juu ya mnunuzi wa mbali na treni moja, na siku mnunuzi yule alipopata fraizi ya bei ndogo mahali pengine, hawakuwa na mlango wa pili.

Pesa ya mwenye duka

Mwaka wa 2013, mfuko wa misaada wa kampuni ya maduka Walmart, ambayo makao yake makuu yako Arkansas, ulitoa dola milioni 3 kwa Chuo Kikuu cha Arkansas ili kuanzisha mpango wa kitaifa wa kilimo endelevu cha fraizi. Kiongozi wake alikuwa profesa Curt Rom, mtaalamu wa matunda. Chuo hakikubakiza pesa yote nyumbani. Iligawanywa kwa miradi 20 katika majimbo 13, kwa vyuo vikuu vilivyokuwa tayari kufanya majaribio na kuyafikisha kwa wakulima.

Swali lilikuwa moja: inawezekana kulima fraizi karibu na mahali inapoliwa, nje ya California na Florida, bila kumaliza maji na bila kumwaga sumu nyingi?

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mwenye duka atoe pesa kwa mkulima. Jibu si huruma peke yake. Lori linalobeba tunda laini kwa siku tatu ama nne linachoma mafuta, na sehemu ya mzigo inafika imeharibika. Tunda linalotoka shamba la jirani lina siku zaidi za kukaa kwenye rafu. Mwenye duka ana faida yake hapo, na hakuna ubaya, mradi mkulima naye ajue kwamba mnunuzi ana hesabu zake.

Nani analipa hasara?

Sehemu iliyofanya mradi huu usibaki karatasini ni ile tunayoita hapa kwetu vulgarisation, yaani kufikisha elimu ya kilimo hadi kwa mkulima. Marekani ina huduma hiyo kwa sheria tangu 1914. Kila jimbo lina chuo kikuu cha kilimo kinachotuma watu wake wilayani, na Arkansas ina wilaya 75. Moniteri wa kule si mtu wa wizara anayekuja na gari siku ya sherehe. Anaishi palepale, wakulima wana namba yake, na kazi yake inaunganishwa moja kwa moja na maabara ya chuo.

Mizizi ya mfumo huo iko Terrell, jimbo la Texas, mwaka wa 1903. Mdudu wa pamba alikuwa anaangamiza mashamba, na wakulima walikuwa wamechoka kusikiliza mafundisho. Seaman Knapp, mjumbe wa wizara ya kilimo, alikuwa ameona kwamba shamba la serikali halimshawishi mtu. Mkulima hulitazama, anasema serikali ina pesa, anarudi nyumbani kulima kama kawaida. Kwa hiyo jaribio likafanywa katika shamba la mkulima wa pale, Walter Porter, kwa mikono yake mwenyewe. Na wafanyabiashara wa mji wakachanga mfuko: kama njia mpya ingemletea hasara, wangemlipa.

Hawakuhitaji kulipa. Mwisho wa msimu Porter alisema amepata dola 700 zaidi ya zile angepata kwa kilimo chake cha kawaida, na majirani wakaja kutazama wenyewe.

Mfuko ule wa hasara ndio jambo ambalo miradi mingi husahau. Mkulima mwenye kipande kidogo cha shamba hakatai njia mpya kwa ujinga. Anakataa kwa sababu msimu mmoja ukiharibika, watoto hawasomi. Majaribio ya fraizi katika majimbo yale yalifuata akili hiyohiyo. Watafiti walitangulia kuchukua hatari katika viwanja vyao na kwa wakulima waliokubali kusaidiwa, kisha wakawaita wengine siku ya shamba, waone safu zilizozaa na zile zilizoshindwa.

Kutibu udongo bila sumu

Kwa miaka mingi siri ya fraizi ya California ilikuwa gesi iitwayo methili bromidi. Iliingizwa udongoni kabla ya kupanda, ikaua ukungu, minyoo na mbegu za majani mabaya. Lakini gesi hiyo inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal ukaiwekea mwisho: 2005 kwa nchi tajiri, 2015 kwa nchi zinazoendelea. Wakulima wa fraizi wa California waliombewa ruhusa ya pekee mwaka baada ya mwaka, hadi ruhusa hiyo nayo ikaisha 2016.

Ndipo njia nyingine zikatafutwa kwa nguvu. Moja inaweza kumvutia mkulima wa popote. Mabaki ya mimea yenye chakula kingi kwa vijidudu, kwa mfano pumba za mchele, yanachanganywa na udongo wa juu. Tuta linafunikwa kwa plastiki na kulowanishwa kabisa. Vijidudu vinakula yale mabaki na kumaliza hewa ndani ya udongo. Kwa muda wa wiki tatu hivi, viumbe vingi vinavyoleta magonjwa, ambavyo haviwezi kuishi bila hewa, vinakufa. Njia hii ilianzia Japani na Uholanzi, kisha ikaingia katika mashamba ya fraizi ya Marekani. Haifaulu kila mahali. Inahitaji joto la kutosha udongoni na maji mengi ya mara moja, na katika milima ya baridi ingepaswa kujaribiwa kwanza kabla ya mtu kuisifu.

Njia nyingine ni za zamani zilizorudi kwa heshima: mbolea ya kuozesha, kubadilisha mazao, na kupanda mimea ya kufunika ardhi kabla ya fraizi. Maji nayo yanapita kwenye bomba lenye matundu madogo chini ya plastiki, tone kwa tone, hadi kwenye mzizi. Majani yanabaki makavu, na jani kavu haliugui ovyo.

Ukavu ndio karibu siri yote. Adui mkubwa wa tunda hili ni ukungu wa kijivu, ule unaovalisha fraizi manyoya kama panya aliyelowa. Unahitaji unyevu. Florida ilijenga mfumo unaopima ni kwa saa ngapi majani yamebaki na maji na hewa ina joto kiasi gani, kisha unamwambia mkulima kama leo kuna hatari ama hapana. Badala ya kupuliza dawa kila wiki kwa hofu, anapuliza siku inayostahili. Kwa baadhi yao, idadi ya kupuliza imepungua hadi nusu.

Kwa mvua nyingi, jawabu lililojaribiwa Arkansas na majimbo jirani ni nyumba ya plastiki isiyo na mashine ya joto: matao ya chuma, shitingi angavu juu, milango wazi pembeni. Mvua haigusi tunda, baridi ya usiku inapungua, na mavuno yanaweza kutangulia yale ya nje kwa wiki kadhaa, wakati bei ingali juu. Lakini mahali pakavu ni paradiso ya utitiri mwekundu, kadudu kadogo kanakonyonya jani hadi ligeuke rangi ya shaba. Aliyejenga nyumba hiyo na kulala usingizi amejuta. Na gharama si ya mtu wa kipato kidogo.

Ugonjwa unaosafiri na mapandikizi

Fraizi haipandwi kwa mbegu. Mmea hutoa kamba zinazotambaa, na kila kamba inatua chini na kuzaa mmea mchanga. Ni zawadi ya bure, na ni mtego pia. Kama mama ana virusi, watoto wote wanavyo. Mkulima akichukua kamba za shamba lake miaka sita mfululizo, matunda yanapungua mwaka hata mwaka, na anadhani ni udongo uliochoka.

Florida ilipata somo kali tangu msimu wa 2018-2019, ukungu mpya wa jamii ya Neopestalotiopsis ulipolipuka mashambani, ukichoma majani na kuozesha matunda. Wachunguzi waliporudi nyuma, njia iliwapeleka kwenye mapandikizi yaliyonunuliwa mbali. Ugonjwa ulikuwa umefika ndani ya kasha, pamoja na risiti.

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kuambiwa mara mbili. Mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Congo huko Masisi, mwaka wa 2001, na ukatembea na chipukizi, mapanga na wadudu hadi kumaliza mashamba ya familia nyingi. Kuna jambo lingine katika mambo ya migomba ambalo halisemwi mara nyingi. Mwanzoni wakulima waliambiwa wang'oe shina lote pamoja na watoto wake. Wengi hawakukubali, maana ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na njaa ingefuata. Baadaye watafiti waliona kwamba kukata tu mgomba unaoonyesha ugonjwa, mara kwa mara, na kuondoa ua la dume kwa kijiti cha panda, kunatosha kupunguza mnyauko. Njia hiyo wakulima waliishika. Walikuwa wamekataa amri, na ukataaji wao ulikuwa na maana.

Mteja anayeingia shambani

Arkansas haikumshinda California, na hakuna aliyejaribu kusema hivyo. Sehemu kubwa ya fraizi ya dukani bado inatoka mbali. Kilichobadilika ni kwamba mkulima wa Arkansas hauzi tena mahali ambapo California inauza. Anauza mlangoni kwa shamba lake, sokoni siku ya Jumamosi, ama anawaruhusu wateja waingie na beseni wachume wenyewe, kisha walipe kwa uzito. Watoto wanakuja na midomo mekundu na hakuna anayewagombeza. Ile shida ya mikono ya kuchuma, iliyosaidia kuua biashara ya zamani, imegeuzwa matembezi ya familia. Mji wa Cabot una sikukuu ya fraizi kila mwaka, mavuno yanapoanza.

Na huku Kivu?

Fraizi ya Kivu nayo ilizoea kusafiri. Msafiri wa Kinshasa aliyepitia Goma aliombwa na ndugu zake arudi na jibini la Masisi na fraizi. Mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Februari, uwanja wa Kavumu unaohudumia Bukavu ulitekwa pia. Kwa tunda lenye maisha ya siku mbili, hiyo ni kama reli ya Bald Knob kung'olewa usiku mmoja.

Lakini Kivu ina kitu Arkansas haina. Kule mavuno ya nje hudumu wiki chache za majira ya kuchipua. Aina nyingi za fraizi hutoa maua wakati siku ni fupi na hewa ina ubaridi. Karibu na mstari wa ikweta siku ina saa 12 mwaka mzima, na milimani ubaridi upo. Mmea wenye afya na maji unaweza kuendelea kutoa maua miezi mingi. Mkulima wa Kabare ama Lubero hahitaji kuuza vyote kwa haraka ya mwezi mmoja. Anaweza kuleta kidogo kidogo kila wiki kwa hoteli, kwa maduka ya mjini na kwa mama wauzaji.

Sehemu kubwa ya zile njia haihitaji pesa ya Walmart. Tuta lililoinuliwa vizuri linatoa maji ya mvua. Majani makavu chini ya mmea yanazuia tunda kugusa matope, na yanafanya nusu ya kazi ya plastiki. Maua ya fraizi yasipotembelewa vizuri na nyuki yanazaa matunda yaliyopinda, kwa hiyo mzinga pembeni ya shamba ni mbolea ya aina yake. Kuchuma kunafanywa alfajiri, kwenye chombo kifupi ili matunda ya juu yasiponde ya chini, na bila kuosha kabla ya kuuza.

Kinachokosekana ni mapandikizi safi na mtu wa kuyafuata. Wataalamu hawakosekani kabisa: kuna kituo cha utafiti cha INERA huko Mulungu, katika wilaya ya Kabare, na kuna vitivo vya agronomia Bukavu na Butembo. Moniteri wa kilimo wapo pia kwenye orodha za serikali, lakini wengi hawana moto, hawana mafuta, na mshahara wao hauwezi kuwafikisha kilima cha pili. Na hakuna mfuko kama ule wa Terrell. Mkulima akijaribu njia mpya na ikashindwa, hasara ni yake peke yake.

Kwa sasa bima pekee iliyopo ni ya jikoni. Fraizi zilizolainika kabla ya jioni zinatengwa kwenye beseni lingine, na kabla usiku haujaingia ziko ndani ya sufuria pamoja na sukari, zikigeuka konfitiri. Chupa ya konfitiri haiogopi barabara mbovu, wala haingoji ndege.